Alipaka Meno ya Mwanangu Kama Nguzo za Nyumba

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, fundi wa kushona sare za shule hapa Ruangwa mjini. Naandika haya nikiwa na hasira. Sitaki kuwadanganya kwamba nimeshasamehe na moyo umetulia. Haujatulia... Kila nikimwona mwanangu Zuhura anakula, unachemka upya.

Zuhura ana miaka kumi. Ni mtoto mzuri, mwepesi wa darasani, lakini akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Pembeni mwa mdomo wake ana kovu. Watu wakiuliza, huwa nasema aliungua. Leo nitasema aliungua na nini, na aliyemuunguza ni nani.

Mimi nilizaliwa Matambarale, kwa wakulima wa korosho na ufuta. Utotoni kwetu jino lililouma lilikuwa na tiba moja tu, kung'olewa. Magego yangu mengi yaliondoka kabla sijawa mwali. Mpaka leo nyama kwangu ni ya kuchemshwa hadi ilegee, na mahindi ya kuchoma nawatazama wenzangu wakila. Nilipoolewa Nachingwea, wifi yangu Somoe alikuwa akinitania kwamba kaka yake kaoa bibi ambaye hajapata wajukuu. Nilicheka naye. Lakini moyoni nilikuwa nimejiapia kwamba mtoto wangu hatatafuna kama mimi.

Zuhura alipokuwa na miaka sita, watu wa afya ya kinywa walifika shuleni kwao. Walimkuta na magego mapya yanaota nyuma kabisa, na hakuna jino lililong'oka kuyapisha. Wazazi wengi huyaona hayo wakadhani ni meno ya utoto. Si ya utoto! Ndiyo hayo hayo atakayozeeka nayo, na yakioza hakuna mengine nyuma yake. Wakatuambia tuwapeleke watoto hospitali, magego hayo yazibwe kabla hayajaanza kutoboka.

Kusema kweli nilikuwa na mashaka. Jino zima, halina tundu, halimuumi mtoto... unaziba nini?

Tabibu wa meno alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa. Alinionyesha kwa kioo kidogo. Juu ya gego kuna mifereji, na mingine ni myembamba kiasi kwamba unywele wa mswaki hauingii. Chakula kinajificha humo na jino linaanzia humo kuoza. Alisafisha gego, akalikausha, akapaka dawa iliyofanana na maziwa mazito, akaimulika kwa taa ya buluu ikakauka hapo hapo. Hakuna sindano, hakuna kukereza jino. Zuhura alishuka kwenye kile kiti anacheka, anapitisha ulimi juu ya meno yake kuona kumekuwaje.

Alizibwa mawili ya chini. Ya juu yalikuwa bado yamefunikwa nusu na fizi, na tabibu alisema dawa ile haishiki kwenye jino lenye majimaji. Tuyaache yatoke vizuri, kisha nimrudishe.

Nikamuuliza wazi wazi, dada yangu, hii kitu inasaidia kweli au ni mambo ya mjini tu? Alinijibu kwa uaminifu. Alisema inasaidia sana pale juu pa kutafunia, lakini si muujiza. Katikati ya jino na jino haifiki, kwa hiyo mswaki na dawa ya meno viendelee asubuhi na jioni, na sukari ipunguzwe. Inaweza pia kumeguka, kwa hiyo mtoto arudi kuangaliwa. Kisha, ili nielewe vizuri, akanipa mfano.

“Mama, si umeona mafundi wa huku wanavyopaka nguzo kabla ya kuichimbia? Mchwa hawajafika, lakini wanapaka. Na hapa ni hivyo hivyo.”

Mfano ule niliupenda. Niliubeba hadi nyumbani kama zawadi, maana mume wangu alikuwa fundi wa nyumba.

Mume wangu anaitwa Mfaume. Pale Nachingwea alikuwa na sifa yake. Nyumba aliyosimamisha Mfaume hailiwi na mchwa. Siri yake haikuwa siri. Alikuwa akikaanga maganda ya korosho na kukinga mafuta yake, yale meusi, mazito, kisha anapaka nguzo na fremu za milango. Aliyaweka kwenye kopo lenye mfuniko nyuma ya nyumba, juu, mtoto asifikie. Hilo la kuliweka juu mlikumbuke. Mtu anayeweka kitu juu anajua kwa nini anakiweka juu.

Siku ile nilimsimulia habari za hospitali, akaanza kunikejeli. Akasema natibu ugonjwa ambao haujaja. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe fundi ndiye unayepaswa kulijua hilo. Ndipo nikampa ule mfano wa nguzo. Akacheka.

“Kumbe! Basi Mama Zuhura, kazi hiyo mimi naijua tangu sijakuoa.”

Na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani. Nani asingedhani ni utani?

Miezi ikapita. Magego ya juu yakatoka vizuri, nikapanga kumrudisha Zuhura hospitali. Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu kwamba mama yangu ameanguka shambani Matambarale na hawezi kuinuka. Nikafunga mzigo. Mtoto nilimwacha na baba yake, na Somoe akahamia nyumbani kumsaidia. Nilimwambia Mfaume nikirudi tu, safari ya kwanza ni kwa daktari wa meno. Akasema nisiwe na wasiwasi, nikamuuguze mama, mambo ya hapa yeye atayamaliza.

Atayamaliza... Kweli aliyamaliza.

Nilikuwa namlisha mama uji simu ilipolia. Ilikuwa asubuhi. Mfaume alisema Zuhura kalazwa, kaungua mdomo na uji wa moto, lakini nisihangaike. Eti nisihangaike! Nilimwachia dada yangu kijiko mkononi, nikatafuta bodaboda hadi Ruangwa mjini, na hapo nikapata gari la Nachingwea. Njia nzima nilikuwa najiuliza, mtoto wa miaka sita na kitu, mwenye akili zake, anakunywaje uji wa moto mpaka alazwe? Si angetema?

Nilipofika wodini sikumtambua mara moja. Midomo ilikuwa imevimba, ulimi umejaa kinywani, mate yanamtoka. Mfaume alikuwa amesimama upande mmoja wa kitanda, Somoe upande wa pili. Niliinama kumbusu mwanangu kwenye paji la uso, nikaona ule weusi.

Wasomaji, mimi nimebangua korosho tangu nikiwa mdogo. Tulikaa na mama yangu barazani tukigonga maganda, mikono tumeipaka majivu ili mafuta yasituunguze, na bado yalituunguza. Ngozi inakuwa nyeusi, inababuka, na chini yake panabaki nyama mbichi. Alama zake ninazo vidoleni hadi leo, naziona hata sasa ninapoandika. Uji haumpi mtu weusi ule. Weusi ule una mama yake na baba yake, na mimi nawajua wote wawili.

Nikanyanyua kichwa nikamuuliza Mfaume mwanangu amepakwa nini. Akasema ni uji. Nikamuuliza tena. Akasema uji, Mama Zuhura, punguza sauti, hapa hospitali.

Daktari alikuwa karibu akaja. Nikamwambia huu si uji, haya ni mafuta ya maganda ya korosho, nayajua. Daktari akashtuka, akamgeukia Mfaume kumuuliza kama kuna kitu kingine kilichoingia kinywani mwa mtoto, maana wao walikuwa wanamtibu kama mtu aliyeunguzwa na kitu cha moto. Na Mfaume, mbele ya daktari, mbele ya mtoto asiyeweza kusema, akajibu kwamba mimi nimechoka kwa kuuguza, nisisikilizwe sana.

Hapo ndipo Zuhura alipoinua mkono. Hakuweza kutamka neno. Alinyoosha kidole akakipitisha kwenye chuma cha kitanda, juu chini, juu chini, taratibu, kama mtu anayepaka rangi. Kisha akakielekeza kwa baba yake.

Sitausahau mkono ule hata nikifa...

Somoe ndiye aliyevunjika. Alikaa chini sakafuni akasema, “Kaka, sema basi. Mtoto atatufia hapa.” Mfaume alitoka nje ya wodi, akaenda zake barazani, na dada yake akabaki kusema badala yake.

Akasema yote. Kwamba Mfaume alisema hakuna haja ya kusumbuana na hospitali, meno mawili ya juu yamebaki na yeye dawa anayo. Kwamba walimwambia mtoto atapakwa asali. Kwamba yeye Somoe alimlaza kichwa mapajani akamshika, na kaka yake akachovya brashi. Na hapa sikilizeni, maana mtu wa namna hii ana utaratibu wake. Brashi ilikuwa mpya! Alitafuta brashi ndogo mpya, eti kwa usafi. Alipogusa fizi, mtoto alirusha kichwa, mafuta yakamwagika kwenye ulimi, kwenye shavu kwa ndani, yakachuruzika mpaka pembeni mwa mdomo. Na aliyetunga habari ya uji ni Mfaume, wakiwa njiani kwenda hospitali, huku mtoto akilia mikononi mwake.

Daktari hakumwacha amalize kulia. Walianza upya na mtoto wangu, wakamhamishia karibu na meza ya wauguzi kwa sababu uvimbe ulikuwa unaelekea kooni na walihofia pumzi. Mimi nilisimama ukutani nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kilibaki kidogo sana kimuumbue Mfaume, na gharama angeilipa Zuhura.

Mungu hakutaka. Alipona. Lakini kupona kwa watu wa nje ni mtoto kutoka hospitali anatembea. Kilichofuata ndani ya nyumba hawakukiona.

Ukoo wa Mfaume uliitisha kikao. Wakasema mwenzangu alikuwa na nia njema. Nia njema! Nilisikia neno hilo likizunguka mkekani. Mjomba wake mmoja akathubutu kusema kosa ni langu, kwa sababu mfano wa nguzo niliuleta mimi. Nikamuuliza, mjomba, mtu akikuambia mtoto wako ni ua, utamfukia miguu kwenye samadi?

Mfaume alipopewa nafasi alisema alitaka kusaidia. Akasema hata wazee wa zamani walikuwa wakitia mafuta hayo kwenye jino lililotoboka ili maumivu yafe. Ni kweli, nimewaona wazee hao, na wengine wana makovu mpaka kidevuni. Lakini Zuhura hakuwa na jino lililotoboka! Na kama alikuwa hajui kwamba mafuta yanaunguza, kopo alikuwa akiliweka juu kwa ajili ya nani?

Wakaniuliza nataka nini. Nikawajibu. Mafuta ningeweza kuyasamehe. Mtu anaweza kuwa mjinga na kiburi, akajiona anajua kuliko waliosomea, na mimi ningelia, ningetukana, tungeendelea kuishi. Uji siwezi. Alimtazama mwanangu anavimba koo, daktari anamuuliza kilichoingia kinywani, na yeye akachagua kulinda sifa yake ya ufundi. Mtu wa hivyo silali naye nyumba moja, hata aapie nini.

Nikaondoka na mwanangu kuja Ruangwa.

Mnaweza kudhani mkasa uliishia hapo. Haukuishia hapo, ndugu zangu. Vidonda vilipokauka, Zuhura akawa hataki kitu chochote kinachofanana na brashi kifike mdomoni. Mswaki akiuona anatetemeka. Nilijaribu kitambaa, nilijaribu kidole changu mwenyewe, akaning'ata. Shavu lilikuwa limekaza kwa ndani, kufungua kinywa kukawa shida. Kumrudisha kwa daktari wa meno ili yale magego ya juu yazibwe ilikuwa haiwezekani kabisa, akiliona geti la hospitali tu anakaa chini barabarani.

Kwa hiyo magego ya juu yakabaki vile vile. Hayakuzibwa, hayakupigwa mswaki. Yakatoboka. Yalianza kumuuma, akaacha kula, akaacha kwenda shule, na mwisho yakang'olewa yote mawili. Siku ya kung'olewa tulimshika watu wazima kadhaa, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshika. Nilifanya kama Somoe alivyofanya... nilimshika mwanangu kichwa huku analia.

Tabibu aliyeyang'oa alipomaliza, alipitisha kioo kwenye magego ya chini. Yale mawili ya siku ile ya kwanza, ya dawa ya maziwa na taa ya buluu. Yalikuwa mazima. Dawa ilikuwa imeshikilia kwenye mifereji muda wote ule, bila mswaki wa maana, katika kinywa kile kile, kwa chakula kile kile. Alinionya nisije nikatangaza kwamba ukiziba huna haja ya mswaki, tumebahatika tu, na kuna meno mengine ya pembeni yameshaanza kuharibika. Nikamwambia nimeelewa.

Basi anayeniuliza kama kuziba meno ya watoto kuna maana, simpi hotuba. Namwita Zuhura, namwomba afungue kinywa. Chini yapo, juu hayapo. Na hayo ya chini hayana pa kusagia, maana gego bila mwenzake juu linasaga nini? Mwanangu anatafunia meno ya mbele. Mwanangu anatafuna kama mimi! Kile nilichojiapia kisitokee ndicho kilichotokea, na kilikuja kwa mkono wa baba yake.

Mfaume ameoa tena. Mke wake mpya alikuja na mtoto wa kiume, Shaibu, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu. Zuhura huenda Nachingwea likizo kwa sababu baba ni baba, na mimi siwezi kumkatia mtoto damu yake. Namsindikiza mpaka stendi, nyumbani kwao siingii.

Likizo iliyopita aliporudi alikuwa na habari. Aliniambia huku anavua viatu, kama jambo la kawaida tu, kwamba baba kampeleka Shaibu hospitali kuzibwa magego. Yote manne. Nikaacha mkasi juu ya kitambaa. Nikamuuliza nani kampeleka. Akasema baba mwenyewe, kwa baiskeli.

Wasomaji, nilisimama nikatoka nje. Kumbe njia anaijua! Kumbe hospitali ipo, baiskeli ipo, na miguu anayo! Kumbe haikuwa umbali wala ugumu wa kuelewa. Mtoto wangu ndiye aliyetumika kumfundisha, na mtoto wa mwenzangu ndiye anayekula matunda ya somo. Hasira niliyoisikia pale ilikuwa kubwa kuliko ya wodini. Nilitaka kupanda gari siku hiyo hiyo nikamuulize mbele ya mke wake.

Niliporudi ndani, Zuhura alikuwa anakunja vitambaa vyangu. Akaniambia Shaibu alikuwa anaogopa, hataki kupanda kwenye kiti. Baba akashindwa, akabaki amesimama mlangoni. Ndipo yeye akaingia naye.

“Nilimshika mkono, mama. Nikamwambia hii haiumi, mimi mwenyewe niliwahi kufanyiwa. Nikafungua kinywa nikamwonyesha ya chini.”

Mtoto anayekaa chini barabarani akiliona geti la hospitali... aliingia mpaka ndani, akafungua kinywa.

Nilimuuliza kama hakuona uchungu kwamba Shaibu kafanyiwa yote na yeye hakufanyiwa. Akasema, “Afadhali yeye atakula mahindi.”

Yeye ana moyo huo. Mimi sina, na simuigizi. Mimi nimebaki na hasira yangu, na nimeona afadhali niwagawie nanyi iwafae. Mzazi uliyeko Ruangwa, uliyeko Nachingwea, uliyeko popote, mtoto wako akifika miaka sita mfungue kinywa. Ukiona gego limeota nyuma bila jino kung'oka, mpeleke kwa wenye kazi yao lizibwe likiwa bado zima, na umrudishe kuangaliwa. Usikubali fundi wa kitu kingine, hata awe mumeo, amalizie kilichobaki. Na ikiwa umeshakosea, nakuomba kwa jina la mtoto aliyelala kitandani, daktari akikuuliza sema ukweli. Aibu yako itapita.

Juzi nimenunua mahindi ya kuchoma njiani. Nimeyapukuchua, nikayatwanga kwenye kinu kidogo na chumvi kiasi, tukala mimi na Zuhura kwa kijiko. Alisema ni matamu.